Nuru na Ujira katika Mchoro wa Berthe Morisot

Aghalabu wachoraji wa Impreshoni husifiwa kwa jambo moja: waliunasa mwanga kabla haujapita. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haitoshi. Hatuna budi kuuliza pia mwanga ule ulimwangukia nani, na mtu huyo alikuwa akifanya nini.

Katika kiangazi cha mwaka 1869, Monet na Renoir walichora bega kwa bega huko La Grenouillère, mahali pa kuogelea na kupiga makasia katika mto Seine, si mbali na Paris. Reli iliwaleta watu wa mjini kupumzika. Rangi za kwenye mirija ya bati, zilizobuniwa mwaka 1841, ziliwarahisishia wachoraji kazi ya nje. Maji yakameremeta kwa mapigo mafupi ya brashi, na watu wakawa madoa ya rangi. Starehe ikaonekana kana kwamba ni hali ya hewa tu, imejileta yenyewe.

Berthe Morisot alitazama kwa jicho jingine. Karibu na mwaka 1880 alimchora bintiye Julie, aliyezaliwa mwaka 1878, akinyonyeshwa na mwanamke aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Mtazamaji mwenye haraka ataiona picha ya mama na mwana: kijani cha majani, nguo nyeupe, utulivu. Sivyo. Mama mwenyewe yuko upande huu wa turubai, brashi mkononi. Aliyempakata mtoto yumo kazini, na kazi yake ndiyo inayompa mchoraji wasaa wa kufanya ya kwake.

Kizuri hakikosi ila. Brashi ya Morisot inakwenda mbio mno hata nguo ya mnyonyeshaji inakaribia kuyeyuka katika majani, na uso wake hauna sura kamili. Yupo atakayesema kuwa huo ni mtindo tu, kwani ndivyo alivyowachora wengi. Nami nakubali, lakini mtindo uleule haumgusi kila mtu kwa namna moja. Bibi wa nyumba akififia turubaini, jina lake linabaki. Mtumishi akififia, hubaki ujira wake tu.

Hata hivyo, Morisot hakumwondoa. Katika bustani ile ya mapumziko, anayestarehe kweli ni mtoto peke yake, naye ananyonya.