Wanaowafunda Wahadhiri

Kituo cha Utafiti wa Ujifunzaji na Ufundishaji cha Chuo Kikuu cha Michigan, kilichoanzishwa mwaka 1962, ni miongoni mwa vituo vya kwanza nchini Marekani kuwanoa wahadhiri. Shahada ya uzamivu humfunza mtu kutafiti; kusimama mbele ya darasa aghalabu huachiwa bahati. Hapo ndipo kituo kinapostahili sifa. Katikati ya muhula, mhadhiri akiomba, mshauri huketi darasani kumtazama akifundisha. Kisha mhadhiri hutoka nje, na wanafunzi wakaeleza kinachowasaidia na kinachowakwaza. Mshauri humfikishia maoni hayo bila kutaja majina, muhula ukiwa bado haujaisha. Kituo kina hata kikundi cha maigizo, kinachowaonyesha walimu na viongozi jinsi darasa au kikao kinavyoweza kuharibika.