Kanga si Kipaza Sauti

Waandishi wenzangu, nina neno na hadithi zetu. Kanga ikitokea tu ndani ya hadithi, lazima iseme. Mke mwenza anapita uani, jina la kanga linanukuliwa herufi kwa herufi, jirani ananuna, aya imekwisha. Kazi ya kumjenga mhusika tumemwachia mchapaji wa kiwandani!

Sikatai kwamba kanga husema. Lakini maneno yalikuja baadaye. Kanga ilishavaliwa pwani tangu karne ya 19, na majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tena nguo nzito kuliko zote katika harusi za visiwani, yaani kisutu, kwa asili yake haina jina kabisa. Ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, basi. Bibi harusi wa Unguja akivikwa kisutu, hakuna anayesogea kusoma, wanaojua wanajua. Sasa mwandishi aliyezoea kunukuu atafanya nini hapo? Ataruka harusi aende moja kwa moja kwenye ugomvi. Nimesoma hadithi za namna hiyo nyingi mno.

Kaniki nayo haina maneno. Unguja ya karne ya 19 ilikuwa nguo ya watumwa na masikini. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani walianza kuiacha wakashika kanga. Kubadili nguo tu hapo ni riwaya nzima, bwana, na methali haikuhitajika.

Nasi wa Ikwiriri tusijifanye haya ni mambo ya ng'ambo. Boti za Mafia zinaondokea Nyamisati, hapo jirani tu, na ada za ndoa za pwani na za visiwani ni ndugu. Chukua mkaja: kitambaa anachofungwa mzazi tumboni akishajifungua. Mbeleko: nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Kilemba cha baba nacho kipo. Siku ya posa vyote hivyo hutajwa, lakini mara nyingi kinachotolewa ni noti ndani ya bahasha. Nguo imeondoka, jina limebaki. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliziandika desturi za Waswahili, kitabu kikatoka mwaka 1903, kwa hiyo hatukosi pa kuanzia. Mbona katika hadithi zetu mahari ni "laki kadhaa" tu, kama bei ya baiskeli?

Mimi ningependa kusoma juu ya huyo mama anayekabidhiwa bahasha ya mkaja mbele ya watu, miaka ishirini tangu tumbo lake lifungwe kitambaa chenyewe. Anahesabu pale pale, au anazifunga noti kwenye pindo la kanga yake? Kanga hiyo ina jina, najua. Msituambie linasemaje. Tuambieni fundo alilifungaje.