Biringanya ya mu chupa: mbio yake inafika wapi?

Bandugu, mu memwari zetu za agronomia kuko sentensi inayorudi kila mwaka: «in vitro inaharakisha kutengeneza mbegu mpya». Na mimi niliiandika, nikapata pointi zangu. Leo nataka kuikosoa, kwa mfano wa biringanya.

Tuanze na ukweli wake. Ukichanganya biringanya mbili, unahitaji vizazi kama sita vya kujichavusha kusudi mbegu itulie. Kila kizazi kinapunguza mchanganyiko kwa nusu. Nyuma ya sita inabaki 1/64. Kizazi kimoja ni karibu miezi mitano, kwa hiyo hesabu miaka miwili na nusu. Mu 1982, Dumas de Vaulx na Chambonnet wa INRA, Ufaransa, walionyesha njia fupi: unachukua mifuko ya chavua ya ua lisilofunguka bado, unaiweka mu giza kwa digri 35 siku nane, kisha digri 25. Inatoka mimea yenye kromosomu 12 badala ya 24. Unaziongeza mara mbili kwa kolkisini, na mbegu imetulia kwa kizazi kimoja. Ile kazi ni nzuri, sibishi.

Shida yangu ni saa tunayotumia kuhesabu. Inahesabu kazi ya labo tu. Mmea ukisha kutoka mu chupa, bado unapaswa kujaribiwa ku shamba, misimu kadhaa, ku milima ya baridi ya Masisi na ku joto la Walikale. Bakteria ya mnyauko, Ralstonia, haingoji mu chupa. Inangoja mu udongo. Tena njia hii haikubali kila aina: moja inatoa mimea mingi, ingine haitoi hata mmoja. Na digri 35 siku nane bila umeme wa kuaminika, ni nani atazilinda?

Kuko kitu kingine tunachosahau. Karibu na 2001, watafiti ku Ufaransa waliunganisha seli za biringanya na za Solanum aethiopicum, kusudi wapate mmea unaozaa na unaosimama mbele ya Ralstonia. Walifaulu. Hapo in vitro ilifanya kazi ambayo kuchavusha kwa kawaida kunashindwa, kwa sababu watoto wa mimea ile miwili mara mingi hawazai. Lakini nguvu ya kupinga ugonjwa ilitoka wapi? Kwa intoryi! Ile ile mama analima nyuma ya nyumba, na sisi basomi tunaiita chakula cha kijijini.

Masisi inapaswa kutufundisha. Mnyauko wa migomba (BXW) ulionekana kule mu 2001, na mu 2006 Profesa Vigheri Ndungo wa UCG Butembo na wenzake waliutangaza kwa maandishi. Miche ya in vitro ni safi, ndiyo, lakini safi si sawa na sugu. Ukiipanda pembeni ya shina gonjwa, na kisu ni kile kile, inaanguka kama ingine. Kinachosaidia mulimaji ni kukata kila shina gonjwa mapema, karibu na udongo, na kupitisha kisu ku moto.

Sasa njo tunafika ku jambo linaloniuma. Mu mwezi wa kwanza 2025 vita ilichukua Masisi-centre. Mu mwezi wa tatu ikafika Walikale-centre. Batu wakikimbia msimu wa kupanda, mbegu inabaki mu mutungi juu ya jiko. Mwaka mmoja, miwili, na aina ya intoryi ya kijiji kizima inaisha. Hakuna labo itakayoharakisha mbegu isiyokuwako tena.

Kwa hiyo sisemi tuache in vitro. Nasema tuiweke mahali pake, ku hatua moja. Kwanza tukusanye: kila mumoja wetu aombe bamama, hata wale walio mu kambi, konzi moja ya mbegu, aandike kijiji, jina la kienyeji, na ladha yake. Mbegu ya intoryi ikikaushwa vizuri na kufungwa mu chupa kavu, inakaa miaka, bila umeme. Hiyo njo chupa ya kwanza tunayohitaji. Ile ya labo itakuja nyuma.