Kazi Iko Ndani ya Mlango

Jiwe dogo lililorushwa na mashine ya kufyeka nyasi lilivunja kioo cha mlango wa nyuma, upande wa kushoto, wa Toyota RAV4 iliyoegeshwa kando ya ua mtaani Jamhuri, Nairobi. Gari ni la familia, na upande huo ndio watoto hupandia na kushukia. Mwenye gari alinunua kioo mjini, na fundi wa mtaani akakifunga pale pale uani. Uchambuzi huu unaifuata kazi hiyo kwa sababu moja: wengi wetu hulipia kioo tukidhani ndicho kitu chenyewe, ilhali kinachoamua kama kazi itadumu hufanyika ndani ya mlango, mahali mteja asipotazama.

Kwa nini kilimwagika chote

Kioo cha mbele na kioo cha mlango havikutengenezwa kwa namna moja. Cha mbele ni tabaka mbili zilizogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Kikipigwa na jiwe hupata ufa lakini hubaki mahali pake, na ufa mdogo unaweza kuzibwa kwa gundi maalumu. Cha mlango, katika magari mengi, ni tabaka moja iliyopashwa moto kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha ikapulizwa hewa baridi ghafla. Uso wa nje huganda kwanza, kiini hufuata. Kiini kinapopoa na kusinyaa huuvuta uso wa nje na kuubana, na mbano huo ndio unaokiwezesha kioo kustahimili mlango kubamizwa asubuhi na jioni kwa miaka mingi.

Mbano huo una gharama yake. Kitu kigumu chenye ncha kikiupenya uso na kufikia kiini, nguvu yote iliyofungiwa humo huachiliwa kwa mpigo, na kioo kizima hugeuka punje. Hivyo ndivyo kilivyokusudiwa kuvunjika. Kanuni namba 43 ya Umoja wa Mataifa kuhusu vioo vya magari hutaka mraba wa sentimita 5 kwa 5 wa kioo cha namna hii utoe vipande visivyopungua 40, ili abiria apate mikwaruzo na si jeraha la kipande kirefu kama kisu.

Hapo yanatoka mambo mawili. La kwanza, kioo cha mlango hakizibwi, hubadilishwa. La pili, hakikatwi. Kukata na kutoboa hufanywa kabla ya moto; ukijaribu baadaye, kinamwagika mikononi mwako. Kwa hiyo duka linalouza vioo vya madirisha ya nyumba haliwezi kukukatia cha gari, na anayekukatia kioo cha kawaida kwa umbo la mlango anakuuzia vile visu ambavyo kanuni ilitungwa kuviepuka. Kwa siku moja mbili za kusubiri kioo, nailoni nzito inatosha kuziba dirisha. Ibandikwe kwa ndani, kwenye fremu ya mlango, kwa sababu selotepu ikichomwa na jua juu ya rangi ya bodi huondoka na rangi yenyewe.

RAV4 ipi?

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, na mengi ya magari yanayoingia yakiwa yametumika hutoka Japani. Spea nazo hufuata njia hiyo hiyo. Mjini, soko linalojulikana zaidi ni Kirinyaga Road, ambayo watu wa spea bado wanaiita Grogan. Hapo mnunuzi ana njia tatu: kioo kipya chenye nembo ya mtengenezaji wa gari, kioo kipya kutoka kiwanda kingine, au kioo kilichotolewa kwenye gari lililopasuliwa Japani, ambacho wauzaji hukiita ex-Japan. Kwa kioo cha mlango cha gari kama hili, la 2008, hiyo njia ya tatu haina aibu. Kioo hakichakai kama breki. Kama hakina mikwaruzo na kingo zake ni nzima, kitafanya kazi kama kipya.

Hatari kubwa ni kununua kwa jina. Mwenye gari angefika dukani na kuomba “kioo cha nyuma cha RAV4 ya 2008”, angeweza kurudi na kisichoingia. Toyota iliuza Japani gari jingine la ukoo huo huo, Vanguard, kuanzia 2007 hadi 2013. Kwa jicho la haraka yanafanana sana, lakini umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,560 kwenye RAV4 fupi ya Japani na milimita 2,660 kwenye Vanguard. Sentimita kumi zikiongezwa katikati ya gari, usidhani milango ya nyuma inaazimana vioo. Kinachotenganisha mambo ni nambari ya chasisi: ACA31 na ACA36 ni RAV4, ACA33 na ACA38 ni Vanguard. Magari ya soko la Japani hayana ile nambari ndefu ya tarakimu na herufi 17 inayotumika kwingine, kwa hiyo usishangae mfumo wa muuzaji wa ng'ambo ukiikataa yako. Muuzaji wa Kirinyaga Road anaielewa vizuri.

Jambo la pili ni rangi. Vioo vya nyuma vya magari mengi ya namna hii ni vyeusi tangu kiwandani, weusi ukiwa ndani ya kioo chenyewe. Ukinunua cheupe ukakibandika karatasi ya tinti, kwa mbali kitaonekana sawa, lakini juani rangi mbili zitasimama kando kwa kando. Karatasi nayo huchubuka pale raba inapoisugua kila kioo kinaposhuka. Bora kusubiri siku mbili kipatikane cheusi chenyewe.

Halafu soma maandishi madogo ya pembeni. Utakuta jina la kiwanda, alama kwamba kioo kimeimarishwa kwa moto, na mara nyingi herufi E ndani ya duara ikiwa na namba ya nchi iliyotoa idhini: 1 ni Ujerumani, 11 ni Uingereza, 43 ni Japani. Kioo kisicho na alama yoyote kiache kwa mwenyewe.

Kioo kinachozungumza

Nairobi ina desturi yake. Wenye magari wengi huchoresha nambari ya usajili kwenye kila kioo, hata vioo vya pembeni vya kutazamia nyuma, ili mwizi apate taabu ya kuviuza. Kwa hiyo kioo kilichotumika kinaweza kukueleza kilikotoka. Kikiwa hakina maandishi ila ya kiwandani, huenda kweli kimetoka kwenye kontena la Japani. Kikiwa na nambari ya usajili ya Kenya, muuzaji ana maswali ya kujibu. Na kikiwa na sehemu iliyosuguliwa ikawa na ukungu, mtu alikuwa na sababu ya kuifuta.

Kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya huhesabu kupokea mali ya wizi kuwa kosa, ikiwa unajua au una sababu ya kuamini kwamba imeibwa. Sehemu iliyosuguliwa ni sababu tosha kwa mtu mwenye macho. Mwenye RAV4 yetu alidai risiti yenye jina la duka na maelezo ya kioo, na baada ya kazi akachoresha nambari yake kwenye kioo kipya ilingane na vingine. Hatua hiyo ya mwisho wengi huiruka. Miaka miwili baadaye, gari likiuzwa, mnunuzi huuliza kwa nini kioo kimoja hakina nambari, na jibu linaanza kugharimu.

Kufungua mlango

Fundi alianza kwa kuchomoa waya hasi wa betri na kusubiri. Vitabu vya Toyota hutaka sekunde 90 zipite kabla ya kugusa chochote kilicho karibu na mifuko ya hewa, na baadhi ya magari yana kihisi cha ajali ndani ya mlango. Ni subira ndogo kwa hatari kubwa.

Paneli ya ndani hushikwa na skrubu chache zilizofichwa, kwa kawaida nyuma ya mpini na chini ya swichi ya kioo, halafu klipu za plastiki kuzunguka ukingo. Skrubu zikitoka, paneli huvutwa kuanzia chini, kisha huinuliwa juu kuacha mdomo wa dirisha. Bisibisi ya chuma huvunja klipu na kuacha alama. Kipande cha plastiki ngumu ndicho kifaa chake. Waya za swichi huchomolewa kwa kubonyeza kishikio chake, si kwa kuvutwa.

Nyuma ya paneli kuna nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata. Hii ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Maji ya mvua huingia ndani ya kila mlango, kupitia mdomo wa dirisha, na yamepangiwa njia ya kutokea: matundu yaliyo chini ya bati. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasigeukie kwenye zulia. Fundi mwenye haraka huichana, akaitupa au akairudisha kwa selotepu. Mvua za Machi na Aprili zikianza, mwenye gari hunusa uvundo na kulaumu paa. Katika kazi hii nailoni ilitenganishwa taratibu kwa wembe uliopita katikati ya gundi, ili gundi ile ile iirudishe.

Kisha zikaja punje. Zinazoonekana kwenye kiti ni sehemu tu. Nyingi zimeshuka ndani ya mlango. Zikiachwa huko zitafanya mambo matatu: zitapiga kelele kila kona, zitaziba matundu ya maji hadi bati lianze kutu kwa ndani, na zile zilizonasa kwenye raba zitakikwaruza kioo kipya mara ya kwanza kinaposhuka. Fundi alizifyonza kwa mashine, akaugonga mlango kwa kiganja, akazifyonza tena, kisha akapitisha waya kwenye kila tundu la chini na kusafisha mfereji wa raba kwa kitambaa. Kazi hii ilimlia muda zaidi kuliko kufunga kioo, na ndivyo inavyotakiwa.

Kukiingiza na kukiweka sawa

Mlango wa nyuma una ugumu ambao wa mbele hauna. Pembeni mwake kuna kioo kidogo cha pembetatu kisichosogea, kikitenganishwa na kile kikubwa kwa nguzo nyembamba ambayo pia ni reli. Nguzo ikibaki mahali pake, kioo kikubwa hakipiti. Kwa hiyo raba ya juu ilivutwa kidogo, skrubu iliyojificha chini yake ikatolewa, boliti ya chini ndani ya mlango ikafuata, nguzo ikainamishwa, na kioo cha pembetatu kikatoka pamoja na raba yake. Ndipo kikubwa kikaingia, kimeinamishwa pua mbele, kikashuka hadi kwenye vishikio vya mashine ya kupandishia.

Waya wa betri ulirudishwa kwa muda na swichi ikaunganishwa, ili mashine isogezwe hadi matundu ya kioo na ya vishikio yakutane mbele ya uwazi wa bati. Boliti mbili hukishika kioo, kati ya chuma na kioo pakiwa na vipande vya plastiki. Vikikosekana, chuma huuma kioo ukingoni, mahali kilipo dhaifu zaidi. Boliti zilifungwa kwa mkono tu kwanza. Nguzo na pembetatu vikarudishwa, kioo kikapandishwa hadi juu kikajikalisha chenyewe ndani ya raba, na hapo ndipo zikakazwa. Anayekaza kabla ya kupandisha hukifunga kioo kikiwa kimepinda, kisha humlaumu aliyeuza.

Gari ambalo kioo chake hupanda chenyewe kwa mguso mmoja huenda likasahau kipimo chake betri ikichomolewa. Kwa kawaida hufundishwa upya kwa kukishusha chote, kukipandisha chote, na kuendelea kuivuta swichi kwa sekunde chache. Kila gari lina kitabu chake, lakini jaribio hili halikosi kufanywa kabla ya paneli kurudi, kwa sababu paneli ikishabanwa hakuna anayetaka kuifungua tena.

Unalipia nini

Kabla ya kununua chochote, mwenye bima kubwa asome kiwango chake cha vioo: je, kinahesabu kioo cha mbele peke yake au na vya milango? Hati ya bima husema wazi, na wengi huligundua jibu baada ya kutoa pesa mfukoni.

Kazi ikiisha, ikague kwa mpangilio. Shusha na kupandisha kioo mara kadhaa, usikie kama kinakwaruza au kinasita. Mwaga maji juu ya dirisha, kisha uchungulie chini ya mlango: yanapaswa kudondoka pale, na zulia libaki kavu. Bamiza mlango ukisikiliza punje. Ingia Barabara ya Ngong ukiwa na mwendo wa kutosha, redio imezimwa, usikie kama upepo unapiga filimbi kwenye raba. Kagua klipu zote za paneli, kisha muulize fundi akuonyeshe zile alizobadilisha.

Ukikubaliana bei, itaje nailoni na usafishaji wa mlango kwa jina. Fundi anayejua atakuongezea muda na pengine kidogo cha pesa, na hiyo ni bei ya haki. Anayekuahidi kumaliza wakati unakunywa chai anakupa bei ya kioo, kisha anaiacha kazi ya mlango kwa mvua ijayo, na bili ya mvua hulipwa na mwenye gari.