Uso Usiohitaji Kupumua: Uhakiki wa Fani na Maudhui katika Umbo la Gari la Umeme

Ikisiri

Makala haya yanahakiki umbo la gari la umeme kwa kutumia dhana mbili zilizozoeleka katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, yaani fani na maudhui. Hoja inayojengwa ni kwamba umbo hilo haliamuliwi na betri na mota peke yake, kama inavyodaiwa mara kwa mara, bali linatokana na uchaguzi unaoonesha gari limebuniwa kwa ajili ya nani: anayelitazama, anayeketi ndani yake, au anayepita mbele yake kwa miguu. Sehemu tatu za gari zinachunguzwa, nazo ni uso, sakafu na boneti. Inahitimishwa kwamba boneti ndiyo sehemu ambayo ubunifu wa sasa umeitumia vibaya zaidi, na ndiyo inayopaswa kuwa kipimo cha ubunifu ujao.

1.0 Utangulizi

Neno gari liliingia katika Kiswahili kutoka lugha za Bara Hindi, ambako lilitaja chombo cha magurudumu kinachokokotwa na mnyama. Kitu kilipobadilika, neno lilibaki: treni ikaitwa gari moshi, chombo cha petroli kikaitwa gari, na sasa chombo kinachoendeshwa kwa betri kinaitwa gari la umeme. Lugha inaweza kufanya hivyo bila hasara, kwa kuwa neno la zamani hubeba maana mpya bila kuongezeka uzito. Bati na kioo havina uhuru huo. Umbo lililorithiwa huendelea kukata hewa, kula nguvu ya betri na kukutana na mwili wa mtembea kwa miguu, hata pale sababu iliyolizaa inapokuwa imeondoka.

Magari ya kwanza ya injini, mwishoni mwa karne ya 19, yalifanana na magari ya farasi ambayo farasi wake wameondolewa. Kufanana huko huelezwa kuwa hatua ya mpito: mbunifu hakuwa amejua bado chombo kipya kinataka umbo gani. Maelezo hayo hayatoshi kwa gari la umeme. General Motors ya Marekani ilitoa EV1 mwaka 1996, gari la watu wawili lenye mgongo ulioteremka kama tone la maji, magurudumu ya nyuma yaliyofunikwa nusu, na mgawo wa ukinzani wa hewa wa 0.19. Umbo lililotokana na maudhui ya umeme lilikuwa limekwisha kupatikana robo karne kabla ya magari mengi ya umeme yanayouzwa leo. Kwa hiyo tatizo la uhakiki si kueleza kwa nini wabunifu hawakujua, bali kwa nini, wakiwa wanajua, walichagua vingine.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umekuwapo mjadala wa muda mrefu kuhusu uhusiano wa fani na maudhui. Mtazamo mmoja huiona fani kama chombo na maudhui kama kilichomo ndani yake, hivyo kwamba kilichomo kinaweza kubadilishwa na chombo kikabaki kilekile. Mtazamo wa pili huviona vitu hivyo kama pande mbili za sarafu moja, ambapo upande mmoja hauwezi kuguswa bila mwingine kuguswa. Mjadala huo una manufaa katika suala hili, kwa kuwa sehemu kubwa ya tasnia ya magari imefuata mtazamo wa kwanza kimyakimya: injini imetolewa, betri na mota zimeingizwa, na chombo kimeachwa.

Gari limewahi kusomwa kama matini. Katika kitabu chake cha mwaka 1957, Roland Barthes alilichambua gari la Citroën DS, lililooneshwa Paris mwaka 1955, akililinganisha na makanisa makuu ya zama za kati: kazi kubwa ya zama zake, inayomilikiwa kwa macho na umma mzima, pamoja na wasioweza kuinunua. Uchambuzi wake unafungua njia, lakini una pengo. Barthes anasimama karibu na gari lililotulia katika ukumbi wa maonesho, ambako watu hulizunguka na kuligusa. Anayesimama mbele ya gari linalokuja hamo katika usomaji wake. Uhakiki wa umbo la gari hauna budi kumrejesha mtu huyo.

3.0 Uhakiki wa Sehemu Tatu

3.1 Uso

Shoo, kama mafundi wa Tanzania wanavyouita wavu wa mbele, ilizaliwa na joto. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta kama joto, na rejeta huhitaji upepo mwingi ili kuliondoa. Mota ya umeme hupoteza kidogo sana. Betri bado inahitaji kupozwa, lakini tundu dogo chini ya bampa hutosha. Hivyo, uso wa gari la umeme hauna tena haja ya kupumua kupitia mdomo mpana.

Tesla Model S ya mwaka 2012 ilitoka ikiwa na bamba jeusi la duara lililorefuka mahali ambapo shoo ingekaa. Halikupitisha hewa. Kazi yake ilikuwa kumhakikishia mnunuzi kwamba kilicho mbele yake ni gari. Mwaka 2016 bamba hilo liliondolewa, na gari likabaki gari. Tukio hilo dogo lina uzito wa ushahidi: linaonesha kwamba ishara ilihitajika kwa muda tu, hadi chapa ilipojiamini.

BMW ilipita njia ya kinyume. Gari lake la i3, la mwaka 2013, lilikuwa na urefu wa takribani mita 4, kibanda cha abiria cha plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni, magurudumu membamba, na alama mbili za figo za chapa hiyo zikiwa ndogo na zimezibwa. Mwaka 2021 ilifuata iX, ambayo figo zake zimekua hadi kutawala uso mzima, ingawa nazo zimezibwa. Kampuni ilieleza kwamba nyuma yake zimewekwa kamera na rada. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayajibu swali la ukubwa, kwa maana vihisio havihitaji eneo lote hilo. Kazi mpya imetafutiwa umbo la zamani ili umbo lipate uhalali wa kubaki.

Nissan Leaf ya mwaka 2010 inatoa mfano wa uaminifu zaidi, japo wengi waliiona haina mvuto. Taa zake za mbele zimechomoza juu ya bodi kwa pembe kali. Sababu ni kwamba katika gari lisilo na mngurumo wa injini, sauti ya upepo unaogonga vioo vya pembeni husikika wazi. Taa hizo ziliundwa ili kuugawa upepo kabla haujavifikia vioo. Hapa fani imetokana na maudhui moja kwa moja: ukimya ndio uliochonga taa. Ikiwa umbo hilo linaonekana geni, ugeni wake una sababu inayoweza kutajwa, jambo ambalo figo za iX haziwezi kudai.

3.2 Sakafu

Hoja yenye nguvu zaidi ya wanaotetea umbo refu la kwenda juu hutoka sakafuni. Betri huwekwa chini ya miguu ya abiria. Unene wake huinua sakafu, sakafu huinua viti, viti huinua paa, na mwisho gari zima hupanda. Kwa hoja hii, gari la umeme lenye kimo cha gari la porini ni tokeo la kihandisi ambalo mbunifu hakulichagua.

Hoja hii ina ukweli nusu. Betri ya EV1 ilipangwa kwa umbo la herufi T, katikati ya viti na nyuma yake, na gari likabaki chini sana. Gharama yake ilikuwa kupoteza viti vya nyuma. Porsche Taycan ya mwaka 2019 iliacha mashimo ndani ya betri ili miguu ya abiria wa nyuma ishuke humo, na paa likaweza kuteremshwa katika gari la watu wanne. Uhandisi ulitoa njia zaidi ya moja, na kila njia ilikuwa na bei yake. Anayesema hapakuwa na njia nyingine anaficha bei aliyokataa kulipa.

Katika kipengele hiki Hyundai Ioniq 5 ya mwaka 2021 inastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu ni matini yenye mgongano wa ndani. Mistari yake mikali inarejea gari la Hyundai Pony lililochorwa na Giorgetto Giugiaro katika miaka ya 1970, na katika picha inaonekana kama gari dogo la familia. Vipimo vinasema jingine: umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 3, kuzidi ule wa Palisade ya wakati huo, gari kubwa la abiria la kampuni hiyohiyo. Fani inazungumza lugha ya udogo huku maudhui yakiwa makubwa. Hata hivyo, faida ya udanganyifu huo imekwenda kwa aliyeketi ndani: sakafu ni bapa na miguu ina nafasi. Kati ya magari yaliyochunguzwa, hili ndilo lililotumia kuondoka kwa injini kwa manufaa ya abiria kwa uwazi zaidi, ingawa limemwachia dereva kazi ya kuegesha gari kubwa kuliko alilodhani amelinunua.

3.3 Boneti

Boneti ni mlango wa injini. Injini ikiondoka, mlango huo unahitaji sababu mpya. Mercedes-Benz EQS ya mwaka 2021 ilitoa jibu lenye mantiki kali: paa na pua vimeunganishwa kwa upinde mmoja, mgawo wa ukinzani wa hewa ukashuka hadi 0.20, na boneti haikusudiwi kufunguliwa na mwenye gari. Hufunguliwa na mafundi. Maji ya kusafishia kioo hutiwa kupitia kifuniko kidogo ubavuni. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako boneti iliyofunguliwa kando ya barabara ni mwito wa msaada unaoeleweka na kila apitaye, uamuzi huo una maana nzito. Umbo hili linamfunga mwenye gari kwa karakana ya chapa.

Lakini upinde huo haukudumu bila kuguswa. Mwaka 2024 EQS iliyorekebishwa ilirudishiwa, katika baadhi ya matoleo, mistari ya kromu usoni na nyota iliyosimama juu ya boneti. Hewa haikuwa imebadilika; kilichorudi ni heshima, ambayo wateja wa gari la kifahari walizoea kuisoma katika pua iliyosimama. Fani iliyokuwa imetokana na upepo ikasalimu amri kwa desturi.

Jibu la pili kwa swali la boneti ni GMC Hummer EV, gari la Marekani lenye uzito unaozidi tani 4 na uso mrefu uliosimama wima. Nyuma ya uso huo kuna sanduku la mizigo. Katika gari la dizeli, ukuta wa namna hiyo ungeweza kutetewa kwa ukubwa wa injini. Hapa utetezi huo haupo. Kimo kimebakizwa kwa ajili ya picha ya nguvu, na gharama yake inalipwa na asiyekuwa na gari. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, uliochunguza takribani ajali 18,000 za gari moja na mtembea kwa miguu mmoja, ulionesha kwamba magari yenye boneti inayozidi kimo cha sentimita 102 hivi yana uwezekano wa kusababisha kifo unaozidi kwa karibu asilimia 45 ule wa magari yenye boneti iliyoinama na isiyozidi sentimita 76 hivi.

Inaweza kupingwa kwamba barabara za vumbi na mashimo zinahitaji gari lililoinuka. Pingamizi hilo ni la haki, hasa betri inapokuwa chini ya sakafu na jiwe moja likiweza kuidhuru. Hata hivyo linachanganya vimo viwili. Uwazi kati ya tumbo la gari na ardhi huhitajika na barabara. Kimo cha boneti juu ya magurudumu hakihitajiki na barabara yoyote. Gari linaweza kuinuka tumboni na bado likainamisha pua.

Suala hili halikomei Marekani. Nissan Leaf zilizotumika Japani zimekwisha kuonekana katika barabara za Nairobi, na sheria ya Kenya huruhusu gari lililotumika kuingia mradi halijazidi miaka 8. Maana yake ni kwamba umbo linaloamuliwa leo mezani kwa mbunifu wa mbali litakuwa umbo la magari yatakayopita karibu na wanafunzi na wachuuzi wa Afrika Mashariki katika miaka michache ijayo, bila wao kuulizwa.

4.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba katika uso, sakafu na boneti, teknolojia ya umeme iliacha njia zaidi ya moja, na kwamba kauli ya ulazima hutumika kuficha uchaguzi. Leaf ilimsikiliza aliyemo ndani hata usoni pake. Ioniq 5 ilimpa sakafu. EQS ilifuata upepo kisha ikarudi kwa mtazamaji. Hummer EV ilimtii mtazamaji tangu mwanzo. Hakuna kati yao lililoanza na mtu aliye mbele ya gari.

Mtazamo wa fani kama chombo kisichoguswa na kilichomo umeshindwa kueleza hali hii, kwa kuwa chombo kilichobakishwa hakikubaki bila maana: kilipopoteza sababu yake ya kihandisi, kilibaki na maana ya kijamii pekee, nayo ikawa wazi zaidi. Boneti ndefu ya gari la petroli ilisema kwamba kuna injini. Boneti ndefu ya gari la umeme haina cha kusema isipokuwa ukubwa wenyewe. Nafasi iliyoachwa na injini ingeweza kurejeshwa barabarani kwa kufupisha pua na kuiinamisha, bila kupunguza kiti hata kimoja. Gari la umeme la siku zijazo litakapohakikiwa, swali la kwanza linafaa kuwa nafasi hiyo amepewa nani.