Fonti za Google: ushauri niliotoa kwa miaka na sasa naukosoa

Kama umewahi kufundishwa kutengeneza tovuti, somo la pili au la tatu lilikuwa hili: ingia Google Fonts, chagua fonti inayokupendeza, nakili mistari ya msimbo uliyopewa, bandika kwenye ukurasa wako, kazi kwisha. Mimi nilifundishwa hivyo, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza niliowasimamia maabara nikawafundisha hivyo hivyo. Leo naukosoa ushauri huo, na wa kwanza kulaumiwa ni mimi.

Hebu tuangalie kinachotokea. Msomaji akifungua ukurasa wako, kivinjari chake kimeshaunganishwa na seva yako. Kinakutana na mistari ile, kinaambiwa nenda fonts.googleapis.com. Huko hakipewi fonti. Kinapewa maelekezo tu kwamba fonti zenyewe ziko fonts.gstatic.com. Hiyo ni safari ya pili. Na kila seva mpya ni lazima uibishie hodi: kutafuta anwani yake, kufungua muunganisho, kukubaliana namna ya kuyalinda mawasiliano. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo huoni kitu. Ukiwa ndani ya daladala, mtandao unakuja na kukata, unaona vizuri sana, kwa sababu vivinjari vingi, visipoambiwa vinginevyo, huficha maandishi hadi sekunde tatu vikisubiri fonti ifike. Picha zipo, rangi zipo, maneno hakuna.

Zamani huduma hii ilikuwa na utetezi mzuri. Tulikuwa tunasema: tovuti nyingi zinatumia fonti ileile, kwa hiyo msomaji atakuwa ameshaipakua kwingine, kivinjari kitaitoa tu kwenye akiba yake. Kumbe utetezi huo ulishakufa. Safari ilianza kutenganisha akiba ya kila tovuti mwaka 2013, Chrome ikafuata Oktoba 2020, Firefox Januari 2021. Sababu ilikuwa usalama: tovuti yenye nia mbaya ingeweza kupima jinsi faili linavyofunguka haraka, ikajua umetoka kutembelea wapi. Siku hizi fonti uliyoipakua kwenye tovuti A inapakuliwa upya kwenye tovuti B, hata kama ni ileile kabisa. Na bando ni lako. Bado nakutana na mafunzo ya mtandaoni yanayorudia hoja ile ya akiba ya pamoja kana kwamba tuko mwaka 2012.

Halafu kuna suala la faragha. Kivinjari kikienda kuomba fonti, lazima kiache anwani ya IP ya msomaji. Msomaji amekuja kwako. Hakuomba kupelekwa Google. Januari 2022 mahakama moja ya Munich, Ujerumani, iliamua kwamba mwenye tovuti aliyefanya hivyo bila ridhaa ya mgeni wake amekiuka sheria, ikamwamuru alipe euro 100. Hoja ya mahakama ni rahisi, na mimi naiona ina nguvu: fonti hizo unaweza kuzitumia bila kuwasiliana na Google hata kidogo. Kweli, Google inasema huduma hiyo haiweki kuki. Sawa. Ila swali la nani aliyempa ruhusa mwenye tovuti bado linabaki palepale.

Kwa hiyo weka fonti kwenye seva yako. Leseni inaruhusu, nyingi ya fonti hizo ziko chini ya leseni huria ya OFL. Lakini hapa ndipo nataka niwe mkali kwa upande wetu pia, kwa sababu wengi tunahama vibaya. Google, pamoja na yote, ilikuwa inafanya kazi mbili kimyakimya: inatuma faili lililobanwa kwa muundo wa WOFF2, na inaikata fonti vipande, ili anayesoma Kiswahili asipakue herufi za Kirusi na Kigiriki. Mara ya kwanza nilipohamisha fonti za tovuti ya klabu yetu, nilipandisha mafaili ya TTF kama yalivyo, unene wa aina nne, herufi zote. Ukurasa ukawa mzito kuliko mwanzo. Nilikuwa nimejivunia kweli!

Nikarudi nyuma, nikabaki na unene wa aina mbili, nikageuza kuwa WOFF2, nikaweka font-display: swap ili maandishi yaonekane mara moja kwa fonti ya simu yenyewe. Kisha nikakata herufi. Nikajiambia Kiswahili hakina mambo mengi: a hadi z, tarakimu, alama chache, basi. Baada ya wiki mwenzangu mmoja akaniuliza kwa nini neno ng’ombe lina kidoa cha ajabu katikati. Kile kiritifaa kilichopinda, ambacho programu za kuandikia hukiweka zenyewe, si kile kilichonyooka cha kwenye kibodi. Kina namba yake, U+2019, na mimi nilikuwa nimekikata. Kivinjari kikaazima cha fonti nyingine. Ng’ambo, ng’oa, ung’ae, yote yalikuwa na kiraka.

Nilikirudisha pamoja na alama za kunukuu, na faili halikuongezeka uzito wa kuonekana. Karatasi ya maabara niliyowaachia wale wa mwaka wa kwanza bado ina ile mistari ya kubandika. Nimeomba niibadilishe kabla muhula haujaanza.