Pongezi kwa Msimamizi wa Jengo la Zamani

Maghorofa ya New York yaliyojengwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili husifiwa kwa kuta nene, dari za juu na sakafu za mbao ngumu. Ni haki yake. Lakini pongezi zangu za kwanza nampa msimamizi wa jengo, ambaye mara nyingi hukaa humo humo, chini kabisa, karibu na boila.

Jengo la 409 Edgecombe Avenue, Harlem, limesimama tangu 1917. Msomi W.E.B. Du Bois na mwanasheria Thurgood Marshall waliwahi kuishi humo. Tukiwataja wakubwa hao, tusiwasahau watu waliohakikisha maji ya moto yanapanda hadi ghorofa ya 13.

Sheria ya jiji inataka joto litolewe kuanzia 1 Oktoba hadi 31 Mei. Mchana, nje kukishuka chini ya nyuzi 55 za Farenhaiti, ndani lazima pafike walau 68. Katika majengo haya ya zamani mara nyingi joto hilo huja kwa mvuke, na mvuke una tabia zake. Maji yakituama ndani ya rejeta, chuma kinachopasha chumba joto, mvuke huyasukuma na bomba likagongwa kama kwa nyundo, saa kumi alfajiri, mtoto akaamka. Msimamizi mzoefu habadilishi kitu. Hupiga magoti, akaweka pimamaji juu ya chuma, kisha akachomeka kipande cha ubao chini ya miguu iliyo mbali na vali ili maji yarudi kwenye vali. Kelele zinakoma. Ufundi huo haukuandikwa ukutani, hongera zake.